Mbuzi wa Kumliwaza Farasi

Jumamosi, Riyadh. Vumbi tangu alfajiri, na nina hamu ya kuongea na mtu. Hayupo, basi naandika.

Mimi ni daktari wa mifugo kutoka Nakuru. Mkataba wangu uko kwenye shamba la farasi nje ya mji, lakini nalala mjini, mtaa wa Malaz, chumba kimoja, peke yangu.

Wiki hii bosi amekuwa akiniuliza kama aongeze farasi wa Ayalandi. Nimemwambia ninachoamini. Wale watu wanajua kuzalisha farasi. Nyasi zao zinaota juu ya mawe ya chokaa, mvua haikatiki, na mtoto wa farasi anakomaa mifupa akikimbia na wenzake uwandani. Ubaya ni kwamba wafugaji wengi ni wadogo, familia tu, wanaotegemea mnada. Wanazalisha wengi kuliko wanavyoweza kuuza, na farasi walio bora wanaishia nchi za watu.

Kwetu pia walio bora wanaishia nchi za watu. Hilo sikumwambia.

Kuna ubaya mwingine ambao muuzaji hakutajii: farasi aliyekulia kundini hajui kuishi peke yake. Jike wetu wa Ayalandi aliwekwa kwenye banda lenye kiyoyozi, kuta nne, akaacha kula. Nikampima damu, meno, tumbo. Mzima kabisa. Bosi akasema asipokula kufikia leo, atapanda lori la Jeddah akauzwe kwa bei yoyote. Kwa mbavu zile na joto hili, sidhani angefika.

Nikaomba mbuzi. Watu wa farasi wa mbio hufanya hivyo: mbuzi analala bandani na farasi, farasi anatulia. Bosi alicheka mpaka machozi, lakini akamleta. Jumatano mbuzi aliingia, na jioni ile farasi akala. Nilitamani kumpigia mtu simu nimwambie.

Jana nilikuwa mapumzikoni. Salum, mtunza farasi kutoka Unguja, alimtoa mbuzi ili asafishe banda, akamfunga karibu na jiko. Bosi alikuwa na wageni. Mpishi akaona mbuzi mnono mlangoni pake, akafanya kazi yake.

"Dokta, samahani sana," Salum alinipigia. "Yule mbuzi yuko juu ya wali."

Nilicheka. Kisha nikalia vibaya, kwa mbuzi ambaye hata jina sikumpa.

Leo asubuhi chakula cha farasi hakijaguswa, na lori limeshafika. Sikuwa na dawa nyingine. Nilichukua kopo langu la githeri, mahindi na maharagwe ya kwetu, nikaingia bandani, nikakaa kwenye majani makavu nikala, huku nikimsimulia kwa Kikuyu habari za mama na ng'ombe wetu. Baada ya muda akainamisha kichwa, akaanza kutafuna. Nikatoka kunawa, akaacha. Nikarudi, akaendelea.

Bosi alikuwa amesimama mlangoni akituangalia.

"Halas, basi, lori liende tupu," akasema. "Lakini wewe, daktari, utahamia hapa shambani."

Kwa hiyo nimerudi Malaz kufunga mizigo. Mizigo imekwisha mapema. Nikajiuliza katika jengo hili niende kumuaga nani, na nimefikiria kila mlango kwenye ngazi. Sikupata jina hata moja.

Huko shambani kuna mmoja ambaye hatakula mpaka nifike.