Papa, Sanduku Ilifika Mutwanga na Baridi Yake

Papa,

Tangu tulikuzika, shule ilifungwa mara mbili juu ya vita, na mara mbili tukaifungua. Physique, somo yako, sasa ni mimi ninafundisha. Ordinateur yako, ile kompyuta, iko ku meza yangu, na batterie ile uliendea kununua Beni, siku risasi ilikukuta ku njia ya kurudi. Ni mimi nilikuomba uende. Sijasema ile neno kwa mutu, hata kwa Mama.

Programme yako nimeimaliza. Unakumbuka: ku écran ya ordinateur, ukuta ya sanduku ya kutunza dawa na baridi, inje nyekundu, ndani buluu, na joto inapenya polepole. Kila tulipobadirisha unene ya ukuta, yote ilikwama. Ulikuwa unaniambia, «Kavira, tafuta kosa yetu kabla ya kulaumu mashini.» Niliipata, Papa. Pahali pamoja ulizidisha, lakini ilifaa kugawanya. Nilicheka peke yangu, kisha nikalia.

Batoto ba shule ndio balijaribu kuta zote mu programme. Mumoja anaweka unga ya mbao, mwingine majani makavu ya migomba, banaongeza unene, banangalia buluu itaisha baada ya saa ngapi. Majani, unene ya vidole vine, ilishinda. Seremala akatutengenezea sanduku ya kweli.

Masika, muganga wa kituo cha afya cha Mutwanga, alikuja kuchukua chanjo ya surua. Ile ya kwanza iliharibika njiani, na batoto babili balizikwa kwa sababu ya ile. Tulienda naye na moto, ile pikipiki, chanjo na barafu ndani ya sanduku. Ku barrière, kamba ya kufunga njia, basoda balitukalisha muchana muzima.

«Fungula,» mumoja alisema.

Masika akaweka mukono juu ya kifuniko. «Chef, nikifungula, joto inaingia, na dawa inakufa. Uko na mutoto?»

Soda akasema, «Babili,» akainua kamba.

Tulifika jua ikizama. Niliogopa kuangalia. Masika alifungula, akanionyesha: barafu ilikuwa ingali ndani. Asubuhi bamama balipanga mustari mpaka ku barabara.

Papa, pumzika. Batu ba Kayna banangojea sanduku yabo, na balimu ba kule banataka kujifunza programme. Nitaenda, hata njia ikiwa mubaya. Na kabla ya kuondoka nitamuelezea Mama juu ya batterie.

Mutoto wako,
Kavira