Dut Arop, Aliyeuliza "Niite Nani?"

Mwaka umezunguka, Dut, tangu Jumamosi ile tulipokungoja nyumbani Munuki, hapa Juba, mpaka chapati za mama zikapoa.

Hatujazoea. Watu husema mwaka ukipita mtu huzoea. Waongo. Mama bado anakupakulia, kisha anakumbuka, kisha anasukuma sahani upande wangu na kusema, "Kula wewe, Marial, isimwagwe." Nakula. Mimi ndiye kaka yako mkubwa na nimenenepa kwa chakula chako.

Wamesema niandike mimi. Aluel, dada yetu, angeandika vizuri zaidi, lakini kila akianza analia. Kwa hiyo utavumilia maneno ya fundi wa magari.

Vita vilitupeleka Kitale ukiwa mgongoni kwa mama. Huko ulikua, huko ulisoma, na ukiota uliota kwa Kiswahili. Nililala chumba kimoja nawe, nilikusikia. Ulipokuja Juba kunifuata, vijana wa gereji yangu pale Malakia walikufanya kichekesho chao. Jina la hapa, uso wa hapa, urefu wa hapa, lakini ukifungua mdomo anatoka Mkenya. "Karibu, Dinka wa Kitale!" walikuambia. Na wewe hukukaa kimya: "Na wewe ni Dinka wa spana. Ng'ombe ulimwona lini mara ya mwisho, kwenye supu?" Walikupenda kuanzia siku hiyo.

Ulipata kazi kwenye kampuni ya mizigo uwanja wa ndege. Kazi yenyewe haikuwa ya kujivunia, kupakia na kupakua, lakini uliifanya kana kwamba kila boksi lina mtu ndani. Ndege za Entebbe huleta vifaranga wa siku moja ndani ya makasha yenye matundu. Wengine huwaacha juani mpaka makaratasi yaishe kusainiwa. Wewe uliwapeleka kivulini kwanza, makaratasi baadaye. Ukagombezwa, ukasema "sawa," na kesho yake ukafanya vile vile. Wakakubandika jina la Abu Jidad, baba wa kuku. Awien, yule anayefuga kuku wa mayai jirani yetu, alikuja msibani na trei za mayai kichwani. Alikaa chini mbele ya watu akasema, "Huyu aliwafunika vifaranga wangu kwa shati lake." Hakuna aliyesema zaidi yake siku ile.

Ulikula ukiwa umesimama. Ulitia tangawizi hata mahali pasipohitaji. Kanisani ulikaa nyuma kabisa ili urefu wako usimzibe mtu, na kutoka huko nyuma ulituharibia nyimbo zote, maana hukujua kuimba na hukujali.

Na ulimpenda Achieng. Yeye ni wa Kisumu, alikuwa mapokezi kwenye hoteli ile karibu na uwanja. Ulimleta kwa mama, mama akamtazama juu mpaka chini, akakuambia kwa lugha yetu, "Mfupi." Achieng akauliza amesema nini. Ukamwambia, "Amesema umebarikiwa." Alijua unadanganya. Wote tulicheka, na mama mwenyewe akacheka.

Sasa nitasema kilichotokea, kwa sababu kimesemwa vibaya na wengi.

Ulikuwa umemchukua Achieng kazini kwa gari la kampuni, mnakuja kwa mama kula. Kwenye njia panda kulikuwa na kizuizi cha polisi. Gari lililokuwa mbele yenu halikusimama, lilipita mbio, na askari walikuwa na hasira. Wewe ulisimama. Ulizima injini. Ulishusha kioo. Askari mmoja akaja upande wako na bunduki akipiga kelele, "Ita! Ita!"

Kwa Kiarabu cha Juba, ita ni "wewe." Kila mtoto wa hapa anajua. Na wewe ulikuwa umeshalijifunza, sokoni ulilitumia. Lakini mtu akielekezewa bunduki hasikii kwa sikio la sokoni. Anasikia kwa lile alilonyonya nalo. Kwako wewe, ita ni kumwita mtu. Tena vizuizi ulivizoea: gari ni la kampuni, wanataka kuongea na mkubwa wako, unampigia meneja wako Alfayo, Alfayo anaongea nao, unapita. Ulimgeukia Achieng ukamuuliza, "Anasema niite nani?"

Ukaingiza mkono mfukoni kutoa simu, naye akafyatua risasi.

Swali hilo ndilo neno lako la mwisho duniani. Si matusi, si ubishi. Uliuliza ili utii.

Taarifa ya polisi ilitoka haraka. Ilisema askari alikuamuru kwa Kiarabu, "Arfa ida," inua mikono, ukakaidi na kuchomoa "kitu." Kitu! Simu ilikuwa mkononi mwako, watu walikuja mbio wakaiona. Lakini sikiliza hapa, kwa sababu kesi yote imelala hapa. Kama alisema inua mikono, basi wewe ulikaidi amri, na yeye ataambiwa alijilinda. Kama alisema "wewe, wewe" tu, basi hakukupa amri yoyote. Alikupigia kelele, ukamjibu, akakuua.

Aliyesikia ni Achieng peke yake. Nilimpeleka kituoni mimi mwenyewe, bado ana damu yako kwenye viatu. Mpelelezi alikuwa kijana, amevaa vizuri.

"Dada, unajua Kiarabu?"

"Sijui."

"Sasa hujui Kiarabu, utajuaje askari alisema nini?"

"Kwa sababu alisema neno la kwetu," Achieng akamjibu. "Alisema ita. Dut akaniuliza aite nani. Wewe ukiambiwa uinue mikono, utauliza umwite nani?"

Yule kijana aliweka kalamu chini. Akanigeukia mimi kana kwamba mwanamke hayupo. "Ya Marial, huyu shemeji yako amechoka. Mpeleke nyumbani apumzike."

Nilimwambia hatuondoki mpaka aliandike. Aliliandika. Sijui aliliandika vipi.

Kisha watu wakaanza kukugawana. Wakenya wa hapa walisema kwenye simu zao, tazameni, wanawaua wageni tena. Walipoliona jina lako wengi wakanyamaza, kumbe si mwenzao. Alfayo, Mkenya naye, hakunyamaza, namshukuru. Watu wetu wakasema umeuawa kwa sababu ya kabila. Watu wa askari wakasema tunamwandama mtoto wao kwa sababu ya kabila. Redioni mtu akapiga simu akasema tatizo si kabila, askari hana mshahara wala mafunzo, mlitaka afanye nini gizani? Haikuwa giza. Jua lilikuwa bado linachoma. Na pale stendi ya bodaboda wakapata mchezo: akipita Mkenya, wanamfokea, "Ita! Ita! Mpigie baba yako!" halafu wanacheka.

Kabila la askari sitaliandika hapa. Wameliandika wengine vya kutosha. Unaniuliza kama alikuua kwa sababu ya uso wako? Sijui. Huenda aliutazama akaamua. Huenda hakuona uso, aliona mkono. Mimi simo kichwani mwake. Ndiyo maana nataka asimame mahali aulizwe.

Binamu yetu Nyang alikuja na vijana wenzake, wanataka kwenda mtaa wa watu wa askari kulipiza kisasi. Nilisimama kwenye lango.

"Huko mnakokwenda, aliyempiga Dut yupo?"

"Ni watu wake, kaka."

"Nimekuuliza kama yeye yupo."

Hakuwepo. Walikaa chini. Nyang alilia kama mtoto, na nilimwacha alie.

Halafu wazee wa pande zote wakaja kwetu kutafuta suluhu. Tulipanga viti vya plastiki uwanjani. Mzee wa upande wa askari aliongea kwa upole, sitamsingizia. "Mwanetu alikosea," akasema, "na mwanenu alikosea. Tutaleta ng'ombe, tumalize kama watu wazima."

Mama alikuwa amekaa nyuma na wanawake. Akasimama. "Mwanangu alikosea nini?"

"Aliingiza mkono mfukoni, mama."

"Na huyo mwanenu yuko wapi? Simwoni."

"Yuko kazini."

"Yuko kazini," mama akarudia. "Basi na hao ng'ombe wakae huko huko kazini."

Akur, mke wangu, alijifunika uso kwa kitenge, sijui alikuwa analia au anacheka. Wageni waliondoka bila kunywa chai.

Lakini Dut, neno hilo limetugharimu, na mwenye haki ya kujua ni wewe. Unajua desturi yetu. Kijana akiuawa bila mtoto, ng'ombe wa damu ndio humwolea mke kwa jina lake, na watoto anaowazaa mke huyo na ndugu wa marehemu huitwa wa marehemu. Hivyo ndivyo mtu wetu hukumbukwa. Baba mdogo alinijia siku ya pili yake, hakukaa.

"Mnamuua Dut mara ya pili," akaniambia. "Polisi walichukua mwili. Wewe na mama yako mnachukua jina."

Nilimsindikiza mpaka njiani. Hajarudi kwetu tena.

Nimelifikiria jambo hili mwaka mzima, chini ya magari, mahali ninapofikiria vizuri. Ng'ombe wakija, wanatoka kwa shangazi za yule askari, kwa wajomba zake, kwa watu ambao hawakushika bunduki. Ukoo umelipa ukoo. Yeye mwenyewe hajasema kitu. Waliompa bunduki hawajasema kitu. Karatasi inabaki kama ilivyo, kwamba Dut Arop aliamriwa ainue mikono akakaidi. Kisha nikuolee mke, azae mtoto, mtoto akue aulize, "Baba alikufaje?" Nimwambie nini? Nimsomee karatasi ile?

Mama alisema hivi, na hapo mjadala wetu ukaisha: "Kwanza wamtoe kwenye uongo. Mke atapatikana."

Kesi imeahirishwa tena na tena. Mara hakimu amesafiri, mara askari hajaletwa. Amehamishiwa kituo kingine, anafanya kazi yake, mtu aliniambia alimwona akinunua mkate. Hoteli haikumwongezea Achieng mkataba, akarudi Kisumu. Wapo waliomshauri asikanyage tena Juba. Mwezi ujao kesi imepangwa kusikilizwa, na wanasema safari hii askari ataletwa. Nilimpigia Achieng nikamwambia asijilazimishe, tutaelewa.

"Shemeji," akaniambia, "nani mwingine alisikia?"

"Hakuna."

"Basi usiniulize tena. Uje uwanja wa ndege unipokee. Na usije na gari lako bovu."

Nakuambia ukweli kama nilivyokuambia siku zote: nadhani tutashindwa. Wao wana mawakili na wana muda. Sisi tuna mwanamke mmoja na neno moja. Lakini atakapoletwa, itabidi hakimu asome jina lako kwa sauti, lote, Dut Arop, na yule askari amesimama pale, na hatakuwa na mahali pa kwenda. Sisi nyumbani tunakutaja kila siku na haitoshi. Yeye hajawahi kulisikia jina lako. Alikuita "wewe."

Wanaokukumbuka ni mama yako Abul. Kaka yako Marial na mke wake Akur. Dada yako Aluel, Kitale. Binamu yako Nyang. Na Achieng, ambaye sisi tunamhesabu wa kwetu. Baba yako Arop mko pamoja, msalimie. Baba mdogo pia anakukumbuka, kwa njia yake, nami nimemwandika hapa bila ruhusa yake.

Hatujakusahau, Dut, wala hatutamruhusu yule askari akusahau.