Baba, Tuliupiga Msasa Uso wa Bibi

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka, na sisi wanao tunakuandikia tukiwa tumeinamisha vichwa.

Ulifika nchi hii ukiwa kijana, na begi moja na patasi nne ulizozifunga ndani ya soksi. Mtaani wakakubandika jina, Mzee Patasi, nawe ukalipenda. Ulichonga sanamu zako chumba cha nyuma, ukaja mezani nyusi nyeupe kwa vumbi la mti. Mama alikuwa akikutania, "Umeshazeeka tena? Hebu nenda kanawe, urudi kijana."

Shuleni tuliwaambia wenzetu kuwa wewe ni seremala. Uliposikia ulicheka, kisha ukatutengenezea vigoda vitatu ili tusiwe waongo.

Kichwa cha mti ulichomchonga Bibi, mama yako, hukukiuza. Ulimwacha ng'ambo ya mpaka, hukumwona tena, na picha yake hatukuwa nayo. Kila ulipokumbuka jambo juu yake ulikishusha kichwa rafuni, ukakigusa kidogo kwa patasi: kunyanzi pembeni mwa jicho, kovu la shavuni. Tukiuliza utamaliza lini, ulisema, "Bado yuko njiani."

Ulipofariki, mimi kifungua mimba wako niliona haya mbele ya waombolezaji. Nikasema, "Hii mikwaruzo yote, watu watadhani mzee alikuwa anabahatisha." Nikakipeleka kwa fundi wa samani, akakipiga msasa, akakipaka vanishi mpaka kikang'aa. Wadogo zangu walikuwepo, wakanisaidia kukibeba. Tukakiweka sebuleni, tukajisifu.

Shangazi, dada yako, alifika kutoka kwenu siku ya pili. Akakitazama, akauliza kwa upole, "Huyu ni nani, wanangu?"

Tulitamani ardhi ipasuke itumeze. Kazi yako ya miaka thelathini tuliifuta kwa mchana mmoja.

Akakigeuza. Kisogoni fundi hakugusa, maana tulimwambia huko hakutaonekana. Shangazi akapapasa mistari ya nywele, mmoja mmoja, akaanza kulia. "Hizi nilimsuka mimi, asubuhi ile kaka anaondoka. Mama alisimama mlangoni, amempa kisogo. Hakutaka kugeuka amwone akienda."

Tangu siku hiyo uso unaelekea ukutani, Baba, na kisogo kinatutazama sisi. Mgeni akiuliza kwa nini, tunamweleza tulichofanya.

Tunaokukumbuka ni mkeo, dada yako, sisi wanao watatu, na wajukuu zako, ambao huko shuleni wanasema hata bila kuulizwa kwamba babu yao alikuwa mchonga sanamu.

Utusamehe. Mioyoni mwetu hutatoka kamwe.