Nyumba ya Ishirini

Jumatatu, 1 Septemba

Kofia ya nne imenikwama kwenye ukingo. Tochi mdomoni, sindano mkononi, mate yananidondoka kama mtoto anayeota meno. Macho yanawasha. Mshona kofia akikosa macho hana kazi, nami sina kazi nyingine.

Mkutano wa sola leo, nyumbani kwa Bi Mwanaisha. Mke mwenzangu. Bwana Athmani alimuoa yeye kwanza, mimi nikafuata miaka saba iliyopita. Sote tuko hapa hapa Mbwajumali, kila mtu na nyumba yake, na baina yetu ni salamu tu.

Yeye ndiye aliyeanzisha haya. Muuzaji wa Lamu atatupa bei ya jumla na kutuletea mafundi, ila kwa sharti la nyumba ishirini kwa mpigo. Bei ya dukani siiwezi, hata nikishona mwaka mzima. Nyumba yangu ndiyo ya ishirini. Milango yote hiyo ameipiga hodi mwenyewe, kwa miguu. Simpendi. Lakini kazi anaijua.

Alhamisi, 4 Septemba

Mapaa yetu mengi ni ya makuti, paneli haikai. Wanaume wakasema basi, yameisha. Bi Mwanaisha akasema hayajaisha, kila nyumba isimike boriti uani na paneli ikae juu yake. Isimikwe wapi? Akatwambia tutie alama za jivu: kivuli cha minazi na kuta kimefika wapi adhuhuri, kimefika wapi alasiri. Pasipo na jivu, tuchimbe.

Basi leo mji mzima ulikuwa na makopo ya jivu. Tunaswali, halafu mbio uani. Nilicheka peke yangu. Akili gani hii! Mafundi wa Lamu wasingeiwaza.

Kwangu pamesalia mahali pamoja tu, ubavuni mwa banda la kuku. Nimechimba mwenyewe. Viganja vimechubuka.

Jumanne, 9 Septemba

Majina yamepelekwa. Muuzaji alitaka jina na kitambulisho cha mkuu wa kila nyumba, nasi tukaandika waume zetu bila kufikiri mara mbili. Boriti zote zimesimama. Sijafurahi hivi tangu sikukuu.

Ijumaa, 12 Septemba

Balaa.

Bwana Athmani tulimwandika mara mbili, kwa Bi Mwanaisha na kwangu. Muuzaji amepiga simu. Kitambulisho kimoja, mtambo mmoja. Jina la pili limefutwa na tumebaki kumi na tisa. Watu wote wale, na hakuna aliyekumbuka kwamba mtu wa wake wawili ana nyumba mbili na kitambulisho kimoja!

Kitambulisho changu mimi hakijatoka.

Jioni nikasikia wanaume wamempata jamaa wa Faza, mji jirani, yuko tayari kuingia. Orodha itatimia bila mimi. Hakuna aliyeuliza ni mke yupi atakayekosa. Mkubwa ni mkubwa. Hasira zimenipanda mpaka nimeunguza wali.

Jumamosi, 13 Septemba

Nilikwenda mkutanoni ili nisionekane nimenuna. Nikakaa nyuma, karibu na mlango. Jina la jamaa wa Faza likatajwa. Watu wakaitikia kwa vichwa, macho chini.

Bi Mwanaisha akasimama.

"Ndia iko. Mwateni Athmani kwa nyumba ya mwenzangu. Yangu mimi niandikeni kwa jina langu."

Akafungua pindo la leso, akatoa kitambulisho chake, akakiweka juu ya mkeka.

Hapa kwetu mke mwenye mume haandikwi hivyo. Anayejiandika mwenyewe ni mjane, au aliyeachwa. Mke mkubwa, mbele za watu, amempa mdogo jina la mume! Mimi nisingeweza. Naliandika hili wazi: nisingeweza.

Bwana Athmani akanong'ona, nasi sote tukasikia. "Watu watanena nimekuata."

"Nawanene. Mwenzangu ameshachimba shimo lake."

Akaketi. Hakunitazama. Mimi ndiye niliyeshindwa kumtazama, kwa aibu. Miaka saba nimemhesabu kuwa mwenye kiburi.

Jumatano, 17 Septemba

Muuzaji amekubali, ishirini zimetimia. Porojo nazo zimeshafika Faza. Shangazi watatu wa Bi Mwanaisha wamekuja na sukari na nyuso za msiba, kumpa pole ya talaka. Jirani anasimulia kwamba mwenyewe aliwapokea vizuri, akawapa kahawa, kisha akawatoa uani kuwaonyesha boriti ilivyosimama wima.

Bwana Athmani amenuna siku ya nne. Na anune.

Alhamisi, 25 Septemba

Mitambo imekuja. Mafundi walizunguka na Bi Mwanaisha nyumba moja moja. Kila wakitaka kuhamisha boriti, anawaonyesha jivu. Hawakuhamisha hata moja. Kwake alitaka wamalizie, baada ya watu wote.

Kwangu walimaliza baada ya alasiri. Maghribi nikabonyeza swichi.

Nimelia. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, na kila tundu naliona. Mikono yote miwili ina kazi, mdomo hauna. Nimeshona hadi isha, macho hayakuwasha.

Ijumaa, 26 Septemba

Asubuhi nimekwenda kisimani. Bi Mwanaisha alikuwa mbele yangu njiani, na ndoo yake, peke yake.

Nikaita, "Dada."

Hakugeuka. Labda hakudhani anaitwa yeye.

Nikaita tena.