Picha Yako Nimekataa Kuiweka

Kaka Mhina,

Nimekataa. Nakuambia mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine, maana hapa Korogwe wameshaeneza kwamba mdogo wako ana roho ngumu, hata msiba wa kaka yake haumgusi.

Baada ya arobaini yako, kamati ya mnada wa ng'ombe kule Handeni ilinijia na picha. Ile uliyovaa koti la kuazima, shingo imekakamaa. Wameizungushia maua na kuandika kwamba pengo lako halizibiki, maneno anayoandikiwa kila mtu. Wanataka ijae ukurasa wa kwanza wa tovuti tuliyowatengenezea. Na ikishaingia hiyo, mwenyekiti naye ana salamu zake, ana picha ya ofisi, ana maandishi ya kutembea juu ya kioo. Tovuti yako, kaka, uliyoipunguza na kuipunguza mpaka ikabaki na mstari mmoja: leo mnada upo, au leo mnada haupo.

Hao ningewamudu. Aliyenimaliza nguvu ni mama. Alikaa kibarazani kwake Mnyuzi, akaishika simu yangu, akauliza, "Mwanangu kaitengeneza, mbona humu hayumo?" Nililia, na bado nikakataa, naye akasusa chakula nilichopika.

Basi nikafanya ulivyonifundisha. Niliitia ile picha kwenye simu yangu tu, kwa majaribio, nikaenda Kwaluguru, lamboni, wafugaji wanaponyweshea asubuhi ya mnada. Nikampa shikamoo mzee mmoja, nikamwomba aangalie kama mnada upo, nikamkabidhi simu na kuweka mikono nyuma. Unakumbuka siku nilipomwonyesha mama mmoja kwa kidole pa kubonyeza? Ulinisema njia nzima. "Utakuwa unaishi mfukoni mwa kila mtu?" Tangu hapo mikono yangu hukaa nyuma hata inaponiwasha.

Mzee alikuona. Akanong'ona, "Kijana kabisa." Hakusogeza ukurasa chini, na kwa nini asogeze? Akatoa simu yake, akawapigia vijana wake waliokuwa wameshatangulia na ng'ombe. "Rudini. Mnadani kuna msiba."

Nani kwetu anauza ng'ombe kwenye msiba? Jibu lilikuwepo, chini ya maua yako, na hakulifikia. Wewe uliyeanza kazi hii kwa sababu uliwaona watu wametembeza mifugo toka mbali, wakakuta mnada umefungwa kwa karantini, leo wakutumie kuwarudisha nyumbani siku ambayo mnada upo! Nilimweleza mzee haraka, akapiga tena, akacheka kidogo, akanipa pole. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira na kamati, na nilikuwa na hasira na wewe pia, kwa kufa ukaniachia vita hii peke yangu.

Nilipomsimulia mama, aliichukua simu, akaitazama picha yako. Kisha akauliza, "Aliwarudisha ng'ombe wote kwa ajili ya mwanangu?" Nikamwambia ndiyo. Jioni ile alikula, na habari ya picha hajaitaja tena.

Mwenyekiti bado. Anasema atatafuta fundi wa Tanga anayejua mambo ya kisasa. Nimemwambia amtafute, ila akija nitampeleka lamboni kwanza, na mikono yake nitaifunga mimi mwenyewe kwa katani ya Ngombezi. Wakininyang'anya tovuti, nitafungua nyingine yenye mstari ule ule, na tuone wafugaji watafungua ipi.

Nakuahidi, kaka: humo hutakuwemo wewe, wala mimi, wala mwenyekiti. Mtu atafungua, ataona anachotaka, atarudisha simu mfukoni na kuswaga ng'ombe wake bila kujua kama uliwahi kuishi. Inaniuma kuandika hivyo. Sifuti.

Pumzika, kaka. Leo mnada upo.

Mdogo wako,
Zaina