Usukani Uliokuwa Ukiutafuta

Kwako Baba,

Hukupenda mtu aanze maneno kabla ya salamu, kwa hiyo salamu kwanza: Mama hajambo, magoti tu yanamsumbua, na ulimi wake ni ule ule. Leo asubuhi nimesema maneno yako mbele za watu nikiwa nimelowa chepechepe, na tangu hapo sijatulia. Nikaona heri nikuandikie, ingawa wewe umelala mchangani hapa Kipungani na mimi niko barazani nakausha nywele.

Unaikumbuka ile siku ya mbao za tanga? Utaisahau vipi, nawe ndiwe uliyekifurahisha kijiji kizima!

Mwalimu Wekesa ndiye aliyetuletea mambo hayo. Mtu wa bara, mchezo kajifunzia kwenye ziwa la kwao, akapangiwa kazi Mokowe, akaja na ubao wake mrefu na tanga lake jepesi. Kila Jumamosi alivuka kuja kwetu, na vijana wakamganda. Wakapata mbao nyingine kuukuu, wakazitia viraka, likawa kundi. Unasimama juu ya ubao, unashika tanga kwa mikono miwili, basi, upepo unakuchukua. Nilitamani mpaka chakula hakipiti. Nikikuomba, jibu lako lilikuwa moja tu: "Hakina usukani kile. Ni gogo. Mwanangu hapandi gogo."

Mama alikuwa upande wangu, kimya kimya. Alinishonea suruali na kanzu fupi ya kitambaa kizito, na mtandio wa kufunga kwa nyuma, usije ukaleta kisingizio cha stara. Ulipoiona ile nguo imeanikwa uani ukajua umezungukwa.

Ukashuka pwani mwenyewe. Wanawake walikuwa wamekaa na ukili wao wakisuka mikeka. Ukamwambia Mwalimu, kwa ile sauti yako ya kuamrisha mabaharia: "Mimi kwanda. Nikirudi nguo kavu, huyu mwana atapanda. Nikianguka, neno limekwisha."

Moyo wangu ulitaka kuruka. Nani aliyewahi kukuona ukianguka kutoka chomboni? Nilijua umeshanikubalia, ila nahodha hawezi kushindwa na mtoto hadharani, lazima atafute mlango wa kutokea.

"Mzee, hii kitu inaongozwa na tanga lenyewe," Mwalimu akakwambia. "Ukitaka kugeuka, unalilaza. Usiachilie mkono."

"Nimesikia, Mwalimu."

Hukusikia lolote.

Ukapanda. Ukalivuta tanga likasimama kama umezaliwa nalo. Vijana wakapiga makofi, nami nikaanza kufunga mtandio. Kisha ubao ukashika ndia ya kwenda mikokoni. Na wewe, nahodha wa umri wote ule, ukafanya ambalo mwanamume yeyote wa Kipungani angelifanya: ukaachia mkono mmoja, ukaupeleka nyuma, ukapapasa kutafuta usukani. Ukapapasa hewa. Ukapapasa tena. Ukageuka mzima mzima uone umekwenda wapi. Chubwi!

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Wanawake waliacha kusuka. Mwalimu alijitazama miguu. Mimi nikaketi mchangani nikalia, kwa sababu hukuwa mtu wa kulivunja neno lako.

Ukatoka majini kikoi kimekuganda, kofia yako inaelea huko nyuma. Ukanitazama mimi, kisha ukawatazama wao, mmoja mmoja, ukimtafuta mwenye kubisha.

"Sikuanguka," ukasema. "Nalikuwa natafuta usukani."

Mama, bila kuinua macho kwenye ukili wake: "Na umeuona?"

"Haupo."

"Basi hukuanguka."

Salaala, kicheko kile! Wewe mwenyewe ulicheka mpaka ukakohoa.

Ukanipandisha kwa mikono yako. Lakini ukashika nyuma ya ubao, ukasema chombo sharti kiwe na usukani, basi usukani utakuwa wewe. "Mwachie, mzee! Ataenda!" vijana wakapiga kelele. Wapi! Ulitembea nami, maji yakakufika kiunoni, yakakufika kifuani, nawe umeng'ang'ania tu. Uliniachia yalipokufika kidevuni. Nilihisi ubao umekuwa mwepesi ghafla, nikajua niko peke yangu, na nikaenda.

Nimekukosa, Baba. Nilidhani nitazoea, sijazoea. Tangu tukuzike sikupanda tena. Kila nikiutazama ubao wangu nauona mkono wako unapapasa nyuma, mpaka nikaugeuzia ukutani.

Sasa mjukuu wako, mwanangu Mwanaisha, ameshikwa na homa ile ile. Ubishi wa kwetu huo, hakuuokota njiani. Nikamwambia boti za injini zimezidi. Nikamwambia pepo siku hizi haziaminiki. Visababu tu. Ukweli ni kwamba niliogopa. Baada ya kukuachia wewe, sikutaka kumwachia mtu mwingine yeyote.

Leo kanibana pwani mbele ya watu, na nguo keshavaa, Mama kamshonea. Nikatoa neno lako: "Mimi kwanza. Nikirudi mkavu, utapanda. Nikianguka, yamekwisha." Tofauti ni kwamba wewe ulikuwa na yakini hutaanguka. Mimi nilijua nitaanguka, miguu imesahau kila kitu. Nilikuwa nautafuta huo mwanguko.

Nikaupata, tena mapema. Nilipoibuka, maji ya chumvi yamenijaa puani, nikamwona Mwanaisha ameketi mchangani analia, mtandio umefungwa tayari. Pale pale nilipoketi mimi, Baba. Nikatoka majini.

"Sikuanguka," nikasema. "Nilikuwa natafuta usukani."

Mama alikuwa kwenye mkeka wake, magoti yamenyooshwa. Hakucheka. Alijifuta macho kwa ncha ya leso. "Na umeuona?"

"Haupo, Mama."

"Basi mpandishe mtoto."

Nikampandisha, nikashika nyuma. Hatujafika popote vijana wakaanza: "Mwachie, Bi! Ataenda!" Nikawajibu maji bado yako kifuani.

Pumzika, Baba. Nilimwachia yaliponifika kidevuni, na alikwenda.

Ni mimi,
Mwanao mbishi