Hewa Nzito ya Kisima cha Bondeni

Kaka yangu Elieza,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila mdomo wangu haujui kukutaja bila kukuamkia.

Leo nimefundisha hesabu za moli. Nilipofika kwenye uzito wa lita moja ya hewa ya ukaa, chaki ilinikatikia mkononi. Nikakiona tena kisima chetu cha bondeni, kule Same, enzi za Mwingereza, ulipokuwa likizo.

Asubuhi ile tuliteremka kutoka nyumbani Myamba, juu mlimani, ukinifundisha hesabu hiyohiyo. "Moli moja ni gramu arobaini na nne, inajaza lita ishirini na mbili nukta nne. Gawanya." Nikapata karibu gramu mbili kwa lita. "Hewa tunayovuta haifiki gramu moja na nusu. Sasa hii nzito itakaa wapi?"

"Chini," nikajibu.

Tulimkuta baba peke yake ukingoni. Baba mdogo alikuwa ameshashuka kusafisha kisima, na sasa akiitwa haitikii. Baba akavua shati, akashika kamba.

Ukamkumbatia kiunoni. "Baba, usishuke! Mle mna hewa nzito, itakuua!"

"Niachie! Ni mdogo wangu yule!"

Ukaniamuru niteremshe kandili. Ilizimika kabla ya kufika nusu. Baba akakupiga, damu ikakutoka puani, hukumwachia. "Mshike miguu!" ulinipigia kelele. Nikamshika baba yangu mzazi miguu, huku nalia.

Majirani walipofika, tulimwaga maji mle kisimani, tukapandisha na kushusha matawi ya miti kuivuruga ile hewa, mpaka kandili ikawaka hadi chini. Ndipo wakamtoa baba mdogo. Alikuwa ameshakufa.

Baba hakusema nawe tena. Ulirudi shule bila baraka yake, na homa ikakuchukua hukohuko.

Juzi, nikimpa baba uji, aliniuliza ghafla, "Ningeshuka, ningemfikia?"

"Hapana, baba. Mngekufa wote."

Akaliweka kando bakuli la uji. "Nilijua, tangu ile taa ilipozimika. Elieza hakuwa na nguvu za kunizuia. Mimi ndiye niliyeacha kuvutana. Niliogopa, na yeye alikuwa amenishika, alijua nimeogopa. Nikashindwa kumtazama usoni."

Kumbe hukuwa umemkosea, kaka. Pokea neno hilo kwangu, maana yeye hakuwahi kukwambia.

Ni mimi, mdogo wako